Aibu ya Aliyelaghaiwa Ndiyo Ngao ya Mlaghai

Wahenga walinena kwamba mficha maradhi kifo humuumbua. Nimeifundisha methali hii darasani kwa zaidi ya miaka 20, nikiwataka wanafunzi waeleze maana yake ya nje na ya ndani, na nikiwanyima alama walioshindwa. Hata hivyo, naungama kwamba sikuielewa barabara mpaka nilipoibiwa pesa kwa arafa ya kifurushi bandia, nikaona haya, nikanyamaza, na kimya changu kikamponza mtu mwingine aliyekuwa na kidogo kuliko mimi. Hiyo ndiyo sababu ya kushika kalamu leo.

Kisa chenyewe ni kifupi. Binti yangu aliye Nairobi alikuwa amenitumia vitabu na miwani ya kusomea, nami nilikuwa nikiungoja mzigo huo kwa hamu. Asubuhi moja, dakika chache kabla ya kengele ya kipindi cha pili, arafa iliingia katika simu yangu. Ilijifanya kwamba imetoka kwa shirika moja mashuhuri la kusafirisha vifurushi. Ilidai kwamba mzigo wangu umezuiliwa ghalani kwa kuwa anwani haikukamilika. Kwamba nibonyeze kiungo kilichoandikwa chini, nirekebishe anwani hiyo na kulipa Sh85. Na kwamba nisipofanya hivyo katika muda wa saa 12, mzigo utarudishwa ulikotoka.

Nilibonyeza. Ukurasa uliofunguka ulikuwa na rangi na nembo ya shirika lile, na lugha yake ilikuwa safi kiasi kwamba sikuona mahali pa kutia kalamu nyekundu. Uliniuliza jina na sanduku la posta. Kisha ukaniuliza nambari ya kadi yangu ya benki, tarehe ya mwisho ya kadi hiyo, na tarakimu tatu zilizo nyuma yake. Niliandika zote. Punde si punde benki ikanitumia nambari ya siri ya kutumiwa mara moja tu, nao ukurasa ukaiomba. Nikaiandika vilevile, bila kusoma maneno yaliyoandamana nayo, maana kengele ilikuwa imekwisha kulia na wanafunzi walikuwa wakinisubiri.

Nilipotoka darasani, Sh18,600 zilikuwa zimetoka katika akaunti yangu. Nilipoirudia ile arafa ya benki, niliona kwamba ilikuwa imenieleza waziwazi: nambari hii ni ya kuidhinisha malipo ya Sh18,600. Mlinzi alikuwa amepiga mbiu mlangoni, nami nikampita nikiwa na haraka ya kumfungulia mwizi.

Niliipigia benki simu na kadi ikafungwa. Baada ya hapo nilifanya kosa ambalo ni kubwa kuliko lile la kwanza: nilinyamaza. Sikumwambia mwalimu mkuu, sikuwaambia wenzangu katika majilisi ya walimu, wala sikwenda kituo cha polisi. Mimi ni mwalimu wa lugha. Kazi yangu ni kuwaonyesha wengine makosa yao. Nilikiona kicheko cha wenzangu kabla hawajacheka, na nikaona ni afadhali kupoteza pesa kimyakimya kuliko kupoteza heshima hadharani.

Majuma matatu yakapita. Adhuhuri moja mama mmoja anayetupikia shuleni alinifuata chini ya mti, akinyoosha simu yake. Bintiye anafanya kazi za nyumbani nchini Saudi Arabia, na alikuwa amemwahidi kumtumia sanduku la nguo na vyombo. Mama huyo alikuwa amepata arafa kwamba sanduku limefika, ila limezuiliwa. Badala ya kiungo, chini yake palikuwa na nambari ya simu. Alipiga, akajibiwa na kijana mwenye adabu nyingi, akalipa Sh850 za ghala. Kesho yake akaambiwa alipe Sh2,000 za ushuru. Siku ya tatu akaambiwa Sh3,350 za kibali. Jumla yake Sh6,200, nazo zilikuwa karo ya kitinda mimba wake.

“Mwalimu,” aliniambia, “hebu nisomee vizuri hapa. Wanasema mzigo wangu utafika lini?”

Nilisoma. Jina la shirika lilikuwa lile lile, sababu ilikuwa ile ile ya anwani isiyokamilika, na vitisho vya saa 12 vilikuwa vile vile. Nikamwambia, “Mama, hakuna mzigo. Umelaghaiwa.”

Alinitazama kwa muda mrefu, kisha akaniuliza, “Wewe umejuaje, mwalimu?”

Swali hilo lilinishinda kujibu. Ningalisema ukweli siku ile ya kwanza, nikasimama mbele ya gwaride la Jumatatu na kueleza yaliyonipata, mama yule angaliisikia habari hiyo jikoni kabla ya saa nne. Jikoni la shule halipitwi na habari. Karo ya mwanawe ingalikuwa salama. Yaliyompata hayakuletwa na werevu wa tapeli peke yake. Kimya changu kilimsaidia.

Msomaji mpenzi, hoja yangu ndiyo hiyo. Tumezoea kuwahubiria watu wetu wawe macho, na kuwa macho ni jambo jema. Lakini biashara ya walaghai haistawi kwa sababu watu wamelala. Yastawi kwa sababu kila anayeumwa hujificha ili asichekwe, na nyoka yule yule akapata nafasi ya kumuuma jirani. Kuitambua arafa ya uongo ni nusu ya kazi. Nusu ya pili, ambayo ndiyo tunayoipuuza, ni kusema.

Tuanze na nusu ya kwanza, kwa kuwa huwezi kupiga mbiu ya jambo usilolijua. Watu wengi huuliza: walijuaje kwamba ninangoja kifurushi? Aghalabu hawakujua. Mvuvi hamjui samaki kwa jina. Hutupa wavu tu. Tapeli hutuma arafa kwa maelfu ya nambari kwa siku moja, na katika nchi ambayo watu huagiza bidhaa kwa simu, hutumiana mizigo kwa mabasi na matatu, na wana jamaa zao ughaibuni, hakukosekani wanaongoja kitu. Anayengoja huiona arafa ile kama jibu la dua yake. Asiyengoja huifuta, na tapeli hapotezi chochote.

Hila yenyewe si ngeni. Wazee wenzangu wanazikumbuka barua zilizokuja kwa posta na kwa faksi katika miaka ya 1980 na 1990, zikidai kwamba kuna mamilioni ya dola nchini Nigeria yanayohitaji mtu mwaminifu wa kuyapokea, almuradi atangulize ada kidogo. Barua hizo ziliitwa 419, kutokana na kifungu cha sheria ya jinai ya Nigeria kinachohusu ulaghai wa aina hiyo. Kifurushi bandia ni mjukuu wa barua hizo. Kilichobadilika ni kipimo: badala ya kukuahidi mamilioni, mlaghai wa leo hukuahidi kitu chako mwenyewe, tena kwa ada ndogo ambayo hata maskini haoni taabu kuilipa.

Na hapo ndipo penye mtego. Sh85 nilizoombwa hazikuwa shabaha. Shabaha ilikuwa kadi. Ada huwa ndogo kwa makusudi, ili akili isiamke. Ama kwa yule mama, ambaye hana kadi ya benki, njia ilikuwa nyingine: kumtoa kidogo kidogo, kila malipo yakimfanya aone kwamba akiacha sasa atapoteza aliyokwisha kutoa. Milango ni miwili, lakini nyumba ni moja.

Sasa niseme neno na walimu wenzangu wa lugha. Kwa miaka mingi tumewafunza watu kwamba ujumbe wa kitapeli hujulikana kwa lugha mbovu: herufi zilizorukwa, sarufi iliyovunjika, Kiswahili cha kutafsiriwa neno kwa neno. Ushauri huo ulikuwa na manufaa wakati wake. Leo umechakaa, na naona una hatari. Programu za akili bandia zaweza kumwandikia mtu yeyote, popote alipo, barua fasaha kwa Kiswahili au kwa Kiingereza katika muda wa kufumba na kufumbua jicho. Mimi niliangushwa na ufasaha. Niliposoma ukurasa ule usio na kosa, mazoea ya kazi yangu yaliniambia kwamba aliyeandika vizuri hivi hawezi kuwa mwizi. Tusiwafundishe wanafunzi wetu imani hiyo potofu.

Ishara iliyo imara zaidi haimo katika namna ujumbe unavyosema, bali katika kile unachokiomba. Jiulize mambo manne. Kwanza, je, unaombwa siri? Nambari ya siri ya simu ya kutumia pesa, tarakimu tatu za nyuma ya kadi, na nambari ya kutumiwa mara moja inayotoka benki, zote hizo ni funguo za nyumba yako. Mwenye kukuletea kifurushi anahitaji kujua mlango wako uko wapi. Ufunguo ni wa kazi gani kwake?

Pili, je, unaharakishwa? Saa 12, saa 24, leo kabla ya magharibi: haya ni maneno ya mtu asiyetaka umuulize jirani. Mizigo ya kweli pia huwa na muda wake wa kuhifadhiwa, lakini anayeuhifadhi hakukatazi kwenda kaunta ukaulize. Tatu, je, unajulikana? Ujumbe unaokuita “mteja mpendwa”, usiotaja jina lako wala la aliyekutumia mzigo, unaweza kuwa umetumwa kwa mtaa mzima. Lakini kutajwa kwa jina pia kusikutie imani moja kwa moja, kwa kuwa majina na nambari zetu tumezitawanya kila mahali, hadi katika madaftari ya wageni kwenye malango ya majengo. Nne, je, njia unayoonyeshwa ni yako au ni yake? Hili la nne ndilo kuu, na linataka maelezo.

Tapeli hukupa kiungo au nambari ya simu, kisha hukutaka umtafute kwa njia hiyo hiyo. Ni sawa na mtu anayebisha mlango usiku akidai kwamba ni askari, na ukimtilia shaka anakuambia umuulize mwenzake aliyesimama nyuma yake. Usiipite njia aliyokuchorea. Chukua stakabadhi uliyopewa au aliyopewa aliyekutumia mzigo, utafute nambari ya mzigo, kisha ulipigie shirika kwa nambari iliyopigwa chapa katika stakabadhi hiyo, au uende kaunta wewe mwenyewe. Ikiwa hakuna stakabadhi, mpigie aliyekutumia. Simu moja kwa binti yangu ingaliniokoa: mzigo wangu, kama nilivyokuja kujua, ulikuwa bado haujaondoka Nairobi.

Jina linaloonekana juu ya arafa lisikubabaishe, maana laweza kughushiwa. Vivyo hivyo jina la mtumaji wa barua pepe: mtu yeyote anaweza kujiita jina la shirika, kama vile mtu yeyote anavyoweza kuvaa kofia ya polisi. Katika barua pepe tazama anwani kamili, si jina lililoandikwa mbele yake.

Kuhusu anwani za mtandao, wanafunzi wa Kiswahili wana silaha ambayo hawajui kwamba wanayo. Tazama kitenzi “hawatatupikia”. Viambishi vimejaa mbele na nyuma, lakini mzizi ni -pik-, na asiyeuona mzizi hajui ni jambo gani linalozungumzwa. Anwani nayo ina mzizi wake. Itazame sehemu inayoishia kwenye mkwaju wa kwanza unaosimama peke yake, kisha isome kutoka kulia kwenda kushoto. Anwani nyingi za mashirika ya Kenya humalizikia kwa .co.ke, na zile za serikali kwa .go.ke. Neno linalotangulia kimalizio hicho, lililoshikamana nacho kwa nukta, ndilo jina la mwenye nyumba. Maneno yaliyo kushoto zaidi ni vyumba tu, na mwenye nyumba anaweza kukiita chumba chake jina lolote apendalo. Kwa hiyo tapeli hununua nyumba yenye jina la ovyo, kisha akabandika jina la shirika mashuhuri kwenye chumba cha mbele. Mwenye haraka husoma mwanzo wa anwani na kuridhika. Mwalimu anayeweza kufundisha uchanganuzi wa kitenzi anaweza kufundisha jambo hili kwa dakika 10 ubaoni, hata katika shule isiyo na tarakilishi moja.

Najua kuna watakaosema kwamba haya yote ni shida ya wasiosoma, na kwamba mjinga ndiye aliwaye. La hasha! Tume ya Shirikisho ya Biashara ya Marekani ilitangaza kwamba katika mwaka wa 2024 watu nchini humo waliripoti kupoteza dola milioni 470 kwa ulaghai ulioanzia katika arafa, na kwamba aina iliyoripotiwa zaidi ya zote ilikuwa ile ya vifurushi bandia. Huko Ulaya, mwaka wa 2021, arafa za vifurushi ziliwashawishi watu kuweka katika simu zao programu iliyodaiwa kuwa ya kufuatilia mizigo. Programu hiyo, iliyojulikana kama FluBot, iliiba nywila za benki, kisha arafa zake zikatumwa kwa watu waliokuwa katika orodha ya simu ya mwathiriwa. Ilibidi polisi wa nchi 11 washirikiane kabla ya kuukata mtandao wake mwaka wa 2022. Ikiwa hila hii imewaangusha watu wa nchi zilizo na shule na tarakilishi tele, ni kwa nini mpishi wa shule yetu aitwe mjinga?

Tena jambo hilo la Ulaya linatufunza kitu kingine. Arafa za programu ile zilifika kwa jamaa na marafiki wa mwathiriwa. Aliyenyamaza baada ya kuumwa aliwaacha wapenzi wake mikononi mwa mwizi.

Tuje sasa kwa nusu ya pili, ya kusema. Ukipata ujumbe wa namna hii, usiufute kwa hasira. Usiujibu pia, hata kwa matusi, kwa kuwa jibu lolote humjulisha tapeli kwamba nambari yako ina mtu. Uhifadhi, upige picha ya skrini inayoonyesha nambari na saa, kisha uripoti. Wateja wa Safaricom wanaweza kuituma arafa ya kitapeli kwa nambari 333 bila malipo. Idara ya Upelelezi wa Jinai, yaani DCI, ina simu isiyotozwa, 0800 722 203. Aliyepoteza pesa aende pia kituo cha polisi kilicho karibu, aandikishe taarifa na apewe nambari ya OB, kwa sababu benki na mashirika ya simu mara nyingi huitaka nambari hiyo. Vilevile lijulishe shirika ambalo jina lake limetumiwa vibaya, ili liwatahadharishe wateja wake.

Kwa aliyekwisha kuingia mtegoni, dakika zina thamani kuliko machozi. Apige simu benki kwanza ili kadi ifungwe, na abadilishe nywila na nambari za siri alizozitoa. Ikiwa alituma pesa kwa M-PESA, aipeleke arafa ya muamala huo kwa nambari 456 mara moja na kuomba urejeshwe. Mlaghai akishazitoa pesa hizo, hapana hakika ya kuzipata. Ndiyo maana aibu ya saa moja inaweza kuwa ghali mno.

Sheria ipo. Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mtandao ilipotungwa mwaka wa 2018, kifungu chake cha 30 kilimlenga anayeunda tovuti au kutuma ujumbe ili kumrai mtu atoe habari zake za kibinafsi kwa nia haramu. Adhabu iliyowekwa ni faini isiyozidi Sh300,000, au kifungo kisichozidi miaka mitatu, au vyote viwili. Lakini sheria ni kama jembe: halilimi likiwa limetundikwa ukutani. Hakimu hawezi kumhukumu mtu ambaye hakushtakiwa, na polisi hawezi kumsaka mtu ambaye hakuna aliyelalamika juu yake.

Hapa nakutana na pingamizi nzito zaidi, nami sitaki kuikwepa. Utasikia mtu akisema: niliripoti, nikapewa nambari ya OB, na mpaka leo sijaona hata senti. Ni kweli. Mimi mwenyewe, nilipokwenda kituoni hatimaye, sikurudishiwa Sh18,600 zangu, wala sitazamii kurudishiwa. Wanaopokea taarifa hizi wanastahili kuambiwa wazi kwamba mwananchi anayejibiwa kwa mkato leo hatarudi kesho, na kwamba kila asiyerudi ni zawadi kwa mwizi. Wamjulishe aliyeripoti angalau kwamba nambari ile imefungwa au haijafungwa.

Hata hivyo, kuripoti si kwa ajili ya kurudishiwa pesa tu. Malalamiko ya mtu mmoja yanaweza kuonekana kama kisa cha bahati mbaya. Malalamiko ya watu 50 juu ya nambari moja ni sababu ya kuifunga, na nambari iliyofungwa haimfikii mtu wa 51. Yule wa 51 hutamjua kamwe, naye hatakujua wala kukushukuru. Mtu anayeondoa jiwe njiani usiku hangoji kushukuriwa na wapita njia wa alfajiri.

Nawageukia sasa wanafunzi. Zamani, mtoto aliyejua kusoma ndiye aliyekuwa msomaji wa barua za kijiji. Bibi alikaa kwenye kigoda, mjukuu akamsomea habari za mwanawe aliye Mombasa au Nairobi, na akamwandikia jibu. Kazi hiyo haijakwisha. Siku hizi barua ni arafa, na mjukuu anapofika nyumbani wakati wa likizo hupewa simu na kuambiwa, “Hebu nisomee hii.” Ewe mwanafunzi, cheo hicho ni kikubwa kuliko unavyodhani. Kabla ya kumsomea bibi yako maneno, msomee nia ya aliyeyaandika. Mwambie: bibi, hawa wanataka siri yako; bibi, tumpigie shangazi kwanza tumuulize kama ametuma kitu. Na ikiwa bibi amekwisha kulipa, usicheke. Ukicheka mara moja, mara ya pili hatakuonyesha simu yake, naye ataibiwa peke yake gizani.

Kwa walimu wakuu nina ombi lisilohitaji bajeti. Wizara ya Elimu imeuweka ujuzi wa kidijitali miongoni mwa umilisi saba wa msingi katika mtaala wa umilisi. Haifai umilisi huo uishie katika kujua kuwasha na kuzima mashine. Tutenge dakika tano za gwaride, mara moja kwa mwezi, ambapo mwalimu, mwanafunzi au mfanyakazi yeyote aliyepata ujumbe wa kitapeli ausome kwa sauti na kueleza alivyoutambua, au alivyoshindwa kuutambua. Tubandike nakala yake kwenye ubao wa matangazo, na nyingine kwenye mlango wa jikoni. Wapishi, mabawabu na makarani wasisahaulike, kwa kuwa elimu ya jambo hili ikiishia madarasani itakuwa imewakosa wengi wanaoihitaji. Na mkutano wa wazazi usimalizike kwa habari za karo na matokeo ya mtihani pekee; mzazi arudi nyumbani akiwa na zile nambari za kuripoti ameziandika katika kipande cha karatasi.

Lakini gwaride hilo halitafaa kitu ikiwa atakayesimama atazomewa. Mwenye kuungama hadharani kwamba alilaghaiwa ametoa fundisho kwa gharama yake mwenyewe, na anastahili heshima tunayompa mwalimu. Anayemzomea anamfanyia tapeli kazi bila ya mshahara.

Mimi nilianza. Jumatatu iliyofuata baada ya mazungumzo yale chini ya mti, niliomba ruhusa ya mwalimu mkuu, nikasimama mbele ya shule nzima na kusimulia kisa changu, pamoja na ile Sh85, pamoja na arafa ya benki ambayo sikuisoma. Baadhi ya wanafunzi walicheka, nami nikawaacha wacheke mpaka wakamaliza. Mchana wake mwalimu mwenzangu wa hisabati alinivuta kando katika majilisi, akaniambia kwa sauti ya chini kwamba yeye pia alikuwa amelipa, miezi miwili kabla yangu. Nilimtazama nisijue nicheke au nilie. Angalisema, nisingaliibiwa. Ningalisema, mama yule asingaliibiwa. Tulikuwa tumeketi meza moja, tukinywa chai pamoja kila siku, kila mmoja akimlinda mwizi kwa kimya chake.

Wenzangu walichanga kidogo kidogo, na karo ya yule mtoto ikapatikana. Siku nilipompelekea mama yule mchango huo pale jikoni, ndipo nilipolijibu swali lake. Nilimwambia kwamba nilijua kwa sababu mimi pia niliibiwa, kabla yake, na sikumwambia mtu. Alikoroga sufuria yake kwa muda bila kusema neno. Kisha akasema, “Ungesema, mwalimu.”

Hakuongeza jingine, nami sina la kuongeza.